Masaji ya Kithai: ni dawa kweli, au ni kukanyagwa tu kwa hela?

Dereva wa Rafu Rodi (Arusha)

Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni dereva wa watalii, makazi Sakina, mwaka wa 17 huu nashika usukani wa Land Cruiser. Wanaoijua njia wanajua: ukitoka Arusha unateleza kwenye lami hadi geti la Loduare pale Ngorongoro, halafu kuanzia hapo kwenda Serengeti ni bati tupu. Barabara imejikunja kama bati la kuezekea, na kila kunjo inakuingia kiunoni. Msimu huu, tangu Juni hadi Oktoba, sikumbuki kama nimelala nyumbani wiki nzima mfululizo. Mwezi uliopita ikafika mahali siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Nikifika kambini nashuka garini huku nimeshikilia mlango kama babu wa miaka 80. Wageni wanacheka, na mimi nacheka nao, tipu isije ikapungua.

Katika wageni wa mwisho alikuwepo bibi mmoja Mjerumani. Akanionea huruma. Siku ya kuagana alinipa bahasha kama kawaida, kisha akanilipia saa moja na nusu ya masaji ya Kithai sehemu fulani huko Njiro. Mimi kichwani nilikuwa na picha ya mafuta, mishumaa na muziki wa maji yanayotiririka, na nilishaanza kujiuliza nitamweleza nini mama watoto. Wapi! Nimepewa suruali pana na fulana, nikaambiwa nilale kwenye godoro jembamba chini sakafuni. Tone la mafuta sikuliona. Dada akaanza na nyayo, akapanda na miguu kwa kidole gumba, akaja na kiwiko, goti, hadi unyayo. Akanikunja mguu kama anakunja kiti cha bustani. Kuna wakati alikaa nyuma yangu, akanishika mikono yote miwili, akanivuta mpaka mgongo ukalia kama kuni kavu.

Nilipokuwa nimelala pale nikamkumbuka marehemu baba. Akirudi kulima mahindi Ngaramtoni alikuwa anatandika ngozi chini, analala kifudifudi, anatuita sisi wadogo tumkanyage mgongo. Malipo yetu yalikuwa kumalizia chai yake kikombeni.

Niliporudi kwenye daladala nikalala usingizi mzito hadi nikapitilizwa kituo. Siku nne nilikuwa mtu mpya. Siku ya tano nikapeleka wageni Tarangire, maumivu yakarudi, siyo yote, ila yakarudi.

Sasa swali langu. Yule dada aliniambia mambo haya yana miaka 2,500, yaliletwa na daktari wa Buddha mwenyewe, mwilini kuna mistari kumi ya upepo ambayo ikiziba ndiyo magonjwa yanaanza, na kwamba nikienda mara kumi inatibu mgongo, presha, sukari, hata nguvu za kiume. Mara kumi ni hela ndefu. Je, kuna ukweli hapo, au nimelipiwa kukanyagwa kule kule kwa baba, tofauti ni mapazia?

Naomba mwenye ujuzi anijibu. Wenye utani karibuni pia, najua hamtajizuia.

Mangi wa Kiboriloni

Mkuu njoo Kiboriloni siku ya mitumba mipya ikifunguliwa. Utakanyagwa bure, utavutwa mikono yote miwili, na kiwiko cha mbavu utapata. Ukirudi nyumbani una na koti juu.

Ila hujatuambia: mama watoto amejua?

Dereva wa Rafu Rodi (Arusha)

Amejua. Nilimwonyesha ile risiti na ile suruali nilivyopiga picha nimeivaa. Alipoona nimefanana na mchezaji wa karate aliyefukuzwa timu, akaacha kuuliza.

Mama Nuru wa Rau (Moshi)

Kaka Dereva, pole na mgongo. Nimeacha mashuka kwenye kamba ili nikujibu, kwa hiyo univumilie urefu.

Nianze kwa kukuambia mimi ni nani. Mimi ni mtoto wa Uru, naishi Rau. Nikiwa na miaka 23 nilikwenda Zanzibar kufanya usafi katika hoteli ya pwani ya mashariki. Hoteli ikaleta mwalimu wa masaji kutoka Thailand, mama mfupi wa makamo, Kiswahili hajui, Kiingereza cha kuokoteza. Alihitaji mtu wa kumfundishia wenzake juu yake. Wote wakarudi nyuma, nikalala mimi. Nililala miezi mitatu kabla hajaniruhusu nimguse mtu, na leo namshukuru, kwa sababu nilijua kila kitu kinavyouma kabla sijamfanyia mwingine. Neno la Kiswahili alilolishika upesi ni "taratibu". Nikikosea, "taratibu". Nikipatia, "taratibu". Baadaye tulipelekwa wawili Bangkok, shule ya hekalu la Wat Pho, kozi ya msingi ya saa 30. Mwaka wa tisa huu niko Moshi, na wateja wangu wengi ni watu wanaoshuka mlima kwa njia ya Mweka, mapaja yamekakamaa kama magogo ya mgrevilea.

Tuje kwenye maswali yako.

Hiyo miaka 2,500 ichukue kama tunavyochukua habari za mwanzo wa ukoo: mzizi upo, ila usiutafutie tarehe. Daktari anayetajwa ni Jivaka Komarabhacca, Wathai wanamwita Shivago Komarpaj. Aliishi India, na maandiko ya kale ya Kibudha yanamtaja kama tabibu wa Buddha na watawa wake. Yanasimulia alivyotibu kwa dawa za kupitisha puani, hata alivyompasua mtu kichwa. Habari za yeye kumkanda mtu hazimo. Lakini kila darasa letu lilianza kwa kumwinamia na kutaja jina lake, viganja vimekutanishwa kifuani. Hapo mimi, binti wa kwaya ya Kilutheri (KKKT), nilitoka jasho. Nilimwendea mwalimu nikamwambia kwa ishara nyingi kwamba kwetu sanamu hatuinamii. Akacheka, akaniambia nimshukuru aliyenifundisha, kwa namna ninayojua mimi. Mpaka leo kabla sijamshika mteja nafumba macho kidogo nasema sala yangu. Wateja wanadhani ni sehemu ya masaji.

Kwa hiyo imetoka India? Kipande. Ile mistari kumi uliyoambiwa, wenyewe wanaiita sen, inaanzia kitovuni na kusambaa mwilini. Miwili kati yake inaitwa Ittha na Pingkhala, na watu wa yoga wa India wana ida na pingala, kwa hiyo undugu unauona kwenye majina. Wachina nao waliweka mkono, na wenyeji wa pale walikuwa na ukandaji wao wa vijijini kabla ya yote. Na sehemu hii ya vijijini ndiyo husahauliwa na wanaouza. Desemba 2019 UNESCO iliiweka Nuad Thai, ndiyo jina lenyewe, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na maelezo yake yanarudi kwa wakulima: kila kijiji kilikuwa na wakandaji ambao watu waliwaendea misuli ikiwauma baada ya kazi ya shamba. Marehemu baba yako pale Ngaramtoni angeelewa mara moja.

Tena kuhusu kukanyaga. Mwaka 1687 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alimtuma balozi huko, wakati nchi bado inaitwa Siam. Jina lake Simon de La Loubère. Kitabu chake kilitoka 1691, na humo anaeleza kwamba mtu akiugua Siam, la kwanza ni kukandwa mwili mzima na mjuzi, na mjuzi huyo humpanda mgonjwa akamkanyaga kwa miguu. Anasema hata wajawazito walikanyagwa na mtoto mdogo ili wajifungue kwa wepesi. (Hilo la wajawazito tuliache hukohuko 1691.) Kwa hiyo ukiuliza kama ulilipiwa kukanyagwa, jibu ni ndiyo, na ni kukanyagwa kwa kale sana.

Kwa nini basi kuna shule na vyeti? Mji mkuu wao wa zamani, Ayutthaya, ulichomwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, na vitabu vingi vya tiba vikapotea. Mfalme Rama wa Tatu alipokarabati Wat Pho, miaka ya 1830, akaagiza elimu iliyobaki ikusanywe na ichongwe kwenye mawe ya marumaru ukutani, ili mtu yeyote aisome na moto usiweze kuila tena. Nimesimama mbele ya mawe yale. Yapo 60 yenye umbo la mtu, mbele na nyuma, yamechorwa mistari na vituo vya kubonyeza. Bustanini kuna sanamu za watawa wa msituni wamejinyoosha, mmoja kavuta mguu, mwingine kajishika shingo. Ukiwatazama unajua kabisa huyu kiuno, huyu bega. Watalii wengine wote wanakimbilia yule Buddha aliyelala, mita 46, wanapiga picha wanaondoka. Mimi na mwenzangu kutoka Makunduchi tulikaa bustanini tukiwaiga wale watawa mpaka mlinzi akaja.

Shule yenyewe hapo hekaluni ilianza 1955. Kwa hiyo chanzo ni kirefu, ila hii masaji unayolazwa sakafuni kwa mpangilio wa miguu, ubavu, mgongo, kichwa, imepangwa vizuri kwa ajili ya kufundishika katika karne iliyopita tu. Sioni aibu yoyote hapo. Hata sala zetu zina mpangilio uliokuja baadaye.

Sasa faida. Nitakuambia ninayoyaona kwa mikono yangu. Msuli uliokaza unalegea. Kiungo kilichokuwa kinakwenda nusu kinakwenda robo tatu. Mtu analala vizuri usiku ule, na asiyelala vizuri maumivu yake huwa mara mbili. Mwenye mawazo anapumua chini tumboni badala ya kifuani. Hayo nakusainia. Dereva kama wewe tatizo halianzii mgongoni peke yake: umekaa saa nane mguu wa kulia kwenye mafuta, nyama za mbele ya nyonga zimefupika, nyama za makalio zimelala, mgongo unabeba mzigo wa wote. Ndiyo maana dada alianzia miguuni, wala hakuwa anakupotezea muda.

Sukari, hapana. Nguvu za kiume, akuambie aliyeiuza hiyo. Presha, mtu akitulia hushuka kidogo kwa muda, na atakayeacha vidonge vyake kwa sababu hiyo nitamfuata kwake nimgombeze.

Na kuna watu siwagusi. Mwaka juzi alikuja mgeni amefika kwa ndege usiku uliotangulia, safari ndefu, anataka alegezwe kabla ya kupanda mlima. Nikaona shavu la mguu wa kushoto limevimba, la kulia zima. Nikagusa kwa nyuma ya kiganja, lina joto. Nikamwambia leo hakuna masaji, na nikamwitia teksi aende hospitali. Alikasirika, akasema amelipia. Jioni akanitumia ujumbe: damu imeganda kwenye mshipa. Ningemkanda pale ningeweza kulisukuma lile donge likapanda mapafuni. Tangu siku ile mashavu ya miguu ndiyo kitu cha kwanza ninachotazama, hata kabla ya uso.

Wengine ninaowarudisha: mwenye homa, aliyevunjika karibuni, mwenye mifupa iliyolika, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mwenye kidonda au fangasi inayosambaa, mjamzito wa miezi ya mwanzo. Na kuna mbinu yetu ya kukandamiza mshipa mkubwa wa damu kinenani kwa sekunde kadhaa kisha kuachia, mguu unajaa joto. Wanaiita kufungua mlango wa upepo. Kwa mwenye presha, moyo au mishipa iliyovimba, mlango huo uachwe umefungwa.

Bei yangu ni 40,000 kwa saa moja na nusu. Wapagazi Jumatano nusu bei, kwa sababu wao ndio waliobeba mlima, mgeni amebeba chupa ya maji.

Bi Mkubwa wa Majengo

Mwanangu Mama Nuru, marahaba kama umeniamkia, kama hujaniamkia niamkie sasa. Nauliza: hao Wathai wana kukanda mzazi? Sisi mwanamke akijifungua anakandwa maji ya moto na kitambaa, tumbo linafungwa kanga. Wajukuu wananiambia ni ushamba.

Mama Nuru wa Rau (Moshi)

Shikamoo bibi, nisamehe!

Wanayo, tena inafanana hadi nilishangaa. Wao zamani mzazi alikuwa analazwa karibu na moto kwa siku kadhaa, wanaita yu fai, anakunywa vya moto, na anakandwa kwa kifurushi cha dawa. Kifurushi chenyewe, luk prakob, ni kitambaa kimefungwa kama embe, ndani kuna plai ambayo ni ndugu wa tangawizi, manjano, mchaichai, maganda ya ndimu ya kwao na kafuri. Kinawekwa kwenye mvuke kisha kinagandamizwa mwilini. Mimi natengeneza kwa vitu vya soko la Mbuyuni, plai sipati, naweka tangawizi. Shida ni kafuri. Mteja mmoja wa Pasua alivuta harufu akakaa wima akauliza, "Nani kafa?" Maana kwake ile ni karafuu maiti basi. Siku hizi nauliza kwanza.

Ila bibi, maji yasiwe ya kuunguza, nimeona mabinti wamebabuka ngozi. Na aliyejifungua kwa kupasuliwa asikandwe tumbo mpaka daktari aseme.

Fizio wa Mlimani

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Moshi, nimesoma kimya nikafika kwenye shavu la mguu ndipo nikaamua kuandika. Dada umefanya sawasawa kabisa. Natamani nusu ya wakandaji mjini waijue hiyo.

Mleta uzi, mimi nakuongezea upande wa hospitali. Mgongo wa dereva kwa kawaida ni misuli, kano za viungo na uchovu wa mtikisiko. Gari linapotetema saa nyingi, misuli ya mgongo inafanya kazi bila wewe kujua, ikichoka inakaza. Hiyo masaji inaisaidia. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen, huko huko Thailand, walichapisha kazi ya watu 180 wenye maumivu ya mgongo yenye vifundo vya misuli. Nusu walipewa masaji ya Kithai, nusu masaji ya mafuta ya kizungu. Makundi yote mawili maumivu yalipungua zaidi ya nusu ndani ya wiki chache. Soma vizuri hapo: makundi yote mawili. Kwa hiyo mkono wa mtu anayejua kazi unasaidia, iwe kwa mafuta au kwa kiwiko. Mistari kumi ya upepo mimi sijawahi kuiona kwenye maiti tuliyosomea, nimeona neva, mishipa ya damu na misuli.

Kilichokupata siku ya tano ndicho tunachokutana nacho kila siku. Masaji inafungua, lakini haikujengei nguvu ya kubaki umefunguka. Usiponyoosha nyonga na kuimarisha tumbo na makalio, utakuwa unalipia siku nne nne mpaka ustaafu. Na kile kiti chako. Wengi mnasogeza kiti nyuma ili mkae kibosi, mguu unanyooka kufuata klachi, kiuno kinaning'inia. Kisogeze mbele, kunja taulo liweke kiunoni, na kila mkisimamisha gari wageni wapige picha, wewe shuka utembee. Simba hatakula dereva aliyesimama upande wa mlango. (Natania, humo hifadhini fuata sheria, shuka panaporuhusiwa.)

Ila ukiona haya usiende kwa mkandaji yeyote, njoo hospitali: maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti pamoja na ganzi, mguu kukosa nguvu, maumivu ya usiku yasiyotulia hata umelala, homa, kupungua uzito bila sababu. Na ikitokea ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, au mkojo umegoma au unatoka wenyewe, hiyo ni ya siku hiyohiyo, usisubiri asubuhi.

La mwisho ni shingo. Kuna wakandaji wanaopenda kuipindua ghafla mpaka ilie. Kwenye shingo kuna mishipa miwili inayopeleka damu nyuma ya ubongo, ikichanika ndani mtu anapata kiharusi. Ni nadra, ila mlio ule haustahili.

Mama Nuru wa Rau (Moshi)

Shingo nakuunga mkono mia kwa mia. Mwalimu wangu hakupindua shingo ya mtu hata siku moja. Alikuwa anaishika kama yai la kanga.

Kwenye mistari tutatofautiana kidogo, kaka. Sijui kama upepo upo. Ninachojua ni kwamba nikifuata ule mstari wa nje ya paja kutoka nyonga hadi goti, napita palepale mshuka-mlima anaposema "hapo!" Wazee waliochora yale mawe hawakuwa na maiti mezani, walikuwa na watu hai wanaopiga kelele wakiguswa penyewe. Nautumia kama dereva anavyotumia mti mkubwa wa mbuyu njiani: haujaandikwa kwenye ramani yako, lakini ukiuona unajua ukate kulia.

Mazoezi ni kweli. Na wale watawa wa bustanini walikuwa wanajinyoosha wenyewe, hakuna aliyekuwa amelala anasubiri kufanyiwa.

Fizio wa Mlimani

Hapo kwa mbuyu umenishinda, sijibu.

Mangi wa Kiboriloni

Mimi nauliza la muhimu. Zile nyumba za masaji zenye taa nyekundu na pazia zito, nazo ni urithi wa UNESCO?

Mama Nuru wa Rau (Moshi)

Mangi, wewe umejuaje kama pazia ni zito?

Ila nikujibu, maana jambo hili linatuumiza wenye kazi. Masaji hii mteja anavaa nguo mwanzo hadi mwisho, zile suruali pana, na hakuna mafuta. Ukiambiwa ni ya Kithai halafu unaambiwa uvue, uliza tena. Mimi mlango wangu una kioo, na mteja mwanamume akitaka mkewe akae ndani, kiti kipo. Wapo wanaume hunipigia wakaanza na "huduma zote zipo?" Nawajibu ipo na ya kukanyaga, wanakata simu.

Dereva wa Rafu Rodi (Arusha)

Wakuu nimerudi, wiki tatu baadaye. Samahani kwa kimya, nilikuwa na kundi la siku kumi.

Nilikwenda hospitali kwanza kama Fizio alivyosema. Daktari akanigonga magoti kwa kinyundo, akaninyanyua mguu mmoja mmoja nikiwa nimelala, akanitembeza kwa visigino na kwa ncha za vidole. Ganzi hakuna, nguvu ipo. Akasema eksirei haina haja kwa sasa, ni misuli. Nikapewa mazoezi manne. Moja napiga goti mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, nasukuma nyonga. Siku ya kwanza nililifanyia kambini Seronera nikidhani niko peke yangu, kumbe wapishi wote wananiangalia. Sasa tunafanya watu watano, na mpishi mkuu ndiye anayehesabu.

Kiti nimekisogeza mbele. Nilikiona kidogo kama najikunja, siku ya tatu nikazoea. Taulo kiunoni nalo lipo, mgeni mmoja aliniuliza kama nimelowa.

Masaji nilirudia mara moja, Moshi, kwa Mama Nuru, nilikuwa nimepeleka wageni geti la Machame. Wakuu, yule mama ni mdogo wa umbo lakini goti lake lina tani mbili. Alitazama mashavu ya miguu yangu kabla hajanisalimia. Akanikuta nyonga ya kulia imekaza kuliko kushoto, vilevile alivyoandika hapa. Sikupitilizwa kituo safari hii kwa sababu nilikuwa naendesha mwenyewe, ila pale Boma Ng'ombe ilibidi nipaki ninywe kahawa, usingizi ulikuwa unaniita kwa jina.

Maumivu: kama yalikuwa kumi, leo ni matatu. Kamba za viatu nafunga mwenyewe.

Mara kumi za kule Njiro sijalipia. Nilimpigia dada nikamwuliza kistaarabu hiyo ya sukari ameitoa wapi, akasema ndivyo alivyoambiwa aseme.

Sasa swali dogo la nyongeza kwa wataalamu. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka sita, kilo 19. Juzi nimelala kwenye mkeka akanipanda mgongoni mwenyewe, wala sikumwita, akaanza kutembea. Nikasikia raha siwezi kuwadanganya. Je, inaruhusiwa, au nimshushe?

Fizio wa Mlimani

Juu ya pingili za mgongo mshushe. Akianguka mnaumia wawili.

Mama Nuru wa Rau (Moshi)

Nyayo zako na mapaja kwa nyuma, sawa, asikanyage nyuma ya goti. Mwekee kiti pembeni ashikilie. Na soksi avue, zinateleza.

Dereva wa Rafu Rodi (Arusha)

Amevua. Anauliza malipo.